Ubao Ukisema Ingia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio za pikipiki. Ndugu Mkurugenzi wa kampuni ya oili inayotudhamini, ambaye leo umependeza kuliko bwana harusi. Daktari wa timu. Kaka yangu, fundi cherehani, baba mzazi wa huyu tunayemuaga. Waendeshaji mliopanga pikipiki zenu huko nje mpaka mkaziba mlango. Mafundi mlionawa mikono leo, na mafundi ambao hamkunawa. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi pia mliojialika wenyewe, maana nawaona mmesimama ukutani na viti vimewaumbua: nawasalimu nyote kwa heshima zote. Walionizidi umri, shikamooni. Najua hamtakuwa wengi.

Mshereheshaji ameninong'oneza hapa kwamba nizungumze kwa ufupi. Kijana wangu, mimi nimefundisha darasa la pili mpaka nikastaafu, na katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kukatizwa na kengele kabla sijamaliza nilichokuwa nasema. Keti upumzike. Nikimaliza utajua.

Wengi wenu mnanijua kama yule mama wa ubao. Mnaponiona sokoni mnagusana viwiko mkisema, "Si yule shangazi yake Mkasi, yule anayesimama pale ukutani?" Ndiye mimi. Na kwa kuwa humu ndani wapo wageni ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani, wengine wamekuja kwa ajili ya chakula tu na siwalaumu, naomba niwaeleze kidogo huo ubao ni kitu gani, kwa sababu yote nitakayosema leo yanaanzia hapo.

Mwendeshaji akiwa kwenye mbio hasikii kitu. Masikioni ana injini yake na injini za wenzake, kichwani ana helmeti, na ninyi jukwaani hata mkipiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame, kwake mnafungua na kufumba midomo tu. Hajui yuko wa ngapi, hajui anayemfuata yuko mbali au anampumulia mgongoni, hajui mizunguko mingapi imebaki. Mtu mmoja tu anaweza kusema naye. Ni yule anayesimama kwenye ukuta mfupi, pale njia inaponyooka mbele ya mafundi, akainua ubao wenye maandishi makubwa kila anapopita. Anapita kufumba na kufumbua. Akiwahi kusoma, amesoma. Asipowahi, anazunguka tena uwanja mzima akiwa peke yake na mawazo yake.

Zamani ubao huo ulikuwa mikononi mwa Fundi Spana. Fundi, simama wakuone. Haya, keti. Huyu bwana akiigusa injini, injini inatulia kama mtoto aliyebembelezwa. Lakini mpe chaki, Mungu atuepushe. Saba yake ni moja, moja yake ni saba, na tano yake mimi mpaka leo sijajua ni mnyama gani. Katika mbio za kwanza kabisa za huyu binti tunayemuaga, Fundi aliandika kwamba mpinzani yuko nyuma kwa sekunde moja. Binti akasoma saba. Akaona nafasi anayo, akalegeza mwendo kidogo kwenye kona ya mwisho aokoe tairi, na hapo hapo watu wawili wakampita, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama walinzi wanaofungua geti. Aliporudi hakulia wala hakutukana. Alimshika Fundi mkono, akampeleka mbele ya ubao, akamwuliza taratibu, "Fundi, hii ni nini?" Fundi akasema, "Si moja hiyo? Kwani huoni?"

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, kwa sababu mdomoni mwake kutwa zimo pini. Siku hiyo alizitoa, akasema, "Nina dada ambaye ameandika ubaoni maisha yake yote." Akazirudisha. Ndivyo nilivyoajiriwa, jamani. Barua ya ajira mpaka leo sijaiona, na mshahara pia sijauona.

Siku ya kwanza nilimketisha huyo binti jikoni kwangu, nikamwambia, mwanangu, mimi nina masharti. La kwanza, sisemi na mtu asiyenijibu. Ukishasoma ubao, inua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, nijue umesoma. La pili, kuna neno moja nitaliandika kwa nadra sana, nalo ni INGIA. Ukiliona neno hilo, usiniulize kwa nini, usiangalie uko wa ngapi, usifikirie kombe. Unaacha kila kitu unaingia kwa mafundi, na kama una lalamiko, utalalamikia ndani. Akacheka, akasema, "Shangazi, na kama naongoza?" Nikamwambia, "Hasa kama unaongoza." Akanipa mkono juu ya meza, palepale kati ya birika na sufuria.

Sasa tuseme tumemaliza utangulizi.

Huyu mnayemwita Mkasi, jina hilo hakupewa na magazeti. Alipewa na wateja wa baba yake. Alipomaliza shule alikuwa akipeleka nguo zilizoshonwa, kwa pikipiki kuukuu ambayo taa yake ilifungwa kwa utepe wa kupimia, na alikuwa anapita kwenye msongamano mahali ambapo hata paka angefikiria mara mbili. Mteja mmoja, dereva wa lori, alikuja dukani amekasirika, akamwambia kaka yangu, "Mzee, binti yako amepita kati yangu na ukuta kama mkasi kwenye kitambaa!" Kaka yangu akatoa pini, akamwuliza, "Suruali ilifika imekunjamana?" Yule bwana akafikiri, akasema, "Hapana, ilifika imenyooka." Basi, kesi ikaishia hapo.

Mengine mnayajua wenyewe. Mnajua ubingwa wa kwanza, alipokuwa anaendesha pikipiki ya kukodi na buti za kuazima. Mnajua ubingwa wa pili, ambao wenye midomo mirefu walisema ni bahati. Mnajua wa tatu, ambao uliwafunga midomo. Je, kuna mtu humu ndani aliyewahi kumwona akimsukuma mwenzake kwenye kona? Kuna aliyemsikia akisingizia mvua, au tairi, au waamuzi? Mimi nimekaa naye safarini, ndani ya gari lenye harufu ya petroli na soksi, na nawaambia huyu binti akishindwa anasema "Wamenizidi" na kulala usingizi. Sifa ya namna hiyo hainunuliwi dukani.

Lakini ipo siku moja ambayo mimi naithamini kuliko vikombe vyote vitatu, nayo hamuijui vizuri kwa sababu siku hiyo hakushinda. Mnakumbuka zile mbio za manyunyu, alipokuwa anaongoza kwa mbali mpaka wa pili haonekani? Fundi Spana aliona moshi mwembamba nyuma ya pikipiki. Akanigeukia, akasema neno moja tu, "Mwalimu." Nikaandika INGIA. Nikainua. Ninyi jukwaani mlinizomea, nawakumbuka, na wengine nawakumbuka hata sura. Binti akapita, kidole kikapanda, na mzunguko uliofuata akaingia. Alishuka, akavua helmeti, macho yamemwiva, akaniambia, "Shangazi, umenimaliza! Umenimaliza kabisa!" Fundi akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye tairi la nyuma, akamwonyesha. Kiganja chote oili. Kona moja zaidi, na tairi lile lingemtupa kama mtu anayemwaga maji. Alitazama kile kiganja, akakaa chini kwenye saruji, akauvuta ubao wangu akaukumbatia mpaka chaki yote ikamhamia kifuani. Akasema, "Siku zote ukiandika hilo neno nitaingia." Mimi nilimwamini, na naendelea kumwamini.

Sasa nakuja kwenye sehemu ngumu, na naomba wale wanaogonganisha vijiko huko nyuma waviweke chini.

Mnakumbuka alianguka kwenye mazoezi, mwanzoni mwa msimu uliopita. Pikipiki iliteleza, akabiringika, akasimama mwenyewe, akawapungia mkono, nanyi mkampigia makofi. Helmeti ilikuwa imepasuka kuanzia sikio mpaka utosi. Daktari alimwambia apumzike, akapumzika, kisha akasema kichwa hakimwumi tena, akarudi. Akashinda. Mkafurahi. Nani asingefurahi?

Ila mimi pale ukutani niliona kitu. Kidole kilikuwa kinapanda mapema. Nilikuwa bado nauinua ubao, haujafika juu, na kidole tayari kiko hewani. Mara ya kwanza nikasema ni haraka ya mbio. Mara ya pili nikajua si haraka. Ndugu zangu, mimi nimesimama mbele ya watoto wa darasa la pili miaka nenda rudi. Najua mtoto asiyeona ubaoni anafanyaje. Hasemi "Mwalimu, sioni." Anaogopa kuchekwa. Anatikisa kichwa kabla ya wenzake, anasema "Ndiyo, Mwalimu" wakati swali bado liko mdomoni mwangu, na ukimtazama usoni utadhani ndiye anayeongoza darasa. Watoto wa namna hiyo nimewahamishia dawati la mbele wengi sana.

Basi, katika mbio za mwisho za msimu, zile za ubingwa wa tatu, nilifanya jambo ambalo hata Fundi Spana sikumwambia. Niliufuta ubao wote. Binti alipokuja nikainua ubao mtupu, mweusi, hauna hata nukta. Kidole kikapanda. Mzunguko uliofuata nikaandika WEWE MBUZI, kwa herufi kubwa, na walinzi wa uwanja wakanitazama kama nimepagawa. Kidole kikapanda. Hapo sikungoja tena. Nikaandika INGIA. Nikainua ubao kwa mikono yote miwili, nikajinyoosha kwa vidole vya miguu mpaka kiatu kimoja kikanitoka.

Kidole kikapanda. Na akapita.

Niliinua tena, akapita tena. Binti ambaye aliingia akiwa anaongoza kwenye manyunyu, kwa sababu tu shangazi yake ameandika neno moja, alipita mbele ya neno hilo mara mbili kama vile halipo. Nikajua hakukaidi. Hakuliona. Nikabaki pale ukutani na kiatu kimoja, nikimwomba Mungu wangu, nikisikiliza injini moja kati ya injini zote zile, huku ninyi mkiimba jina lake.

Ile picha kubwa iliyo nyuma yangu, ile mliyoipamba kwa taa, ambayo amelala kwenye kona na goti karibu liguse chini, mnaipenda sana. Ilipigwa siku hiyo. Huyo mnayemwona hapo alikuwa anaendesha haoni sawasawa.

Naona mnaitazama upya. Mkurugenzi naye anaitazama. Itazameni vizuri.

Baada ya kombe na picha na maji ya kumwagiana, nilimkuta kwenye gari letu la vifaa, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikafunga mlango. Nikamwuliza, "Nilikuandikia nini leo?" Akasema, "Wa kwanza, sekunde tatu." Nikasema, "Nilikuandikia wewe mbuzi." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nikamwambia, "Na nilikuandikia ingia. Mara mbili." Basi uso ukamwanguka. Akasema, "Shangazi, nikigeuza kichwa kwa haraka kila kitu kinakuwa viwili. Mbao mbili. Kona mbili. Aliyeko mbele yangu, wawili." Nikamwuliza, "Sasa ulikuwa unajuaje yupi ndiye?" Akanijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya yule mtoto wa dawati la nyuma, "Nilikuwa nabahatisha."

Jamani. Kwa mwendo ule. Nabahatisha!

Sikumgombeza. Mimi ni mkali, kila mtu anajua, hata watoto wangu wa kuzaa wanawahurumia wanafunzi wangu, lakini siku hiyo ukali ulinikauka. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema nitaacha, na nikiacha, mimi ni nani?" Nilimvua buti, nikamvalisha viatu, tukaenda kwa Daktari na nguo zake za mbio zikiwa bado mwilini.

Daktari yuko hapa, na namshukuru kwa sababu hakuzunguka mbuyu. Alimpima, akapima tena, akatuita pamoja na baba yake. Akasema kichwa kile kimetikisika vibaya. Akipumzika macho yatarudi, ataishi vizuri, atasoma, atafanya kazi, atazeeka akitaka. Lakini kichwa hicho hicho kikigonga chini mara nyingine, yeye Daktari haahidi kitu. Kaka yangu hakuwa na pini mdomoni siku hiyo. Alisema, "Mwanangu, mimi nimekushonea kila kitu tangu uzaliwe. Kichwa siwezi kukushonea."

Hata hivyo hatukumwamulia, nataka hilo lieleweke, maana nimesikia huko mitaani kwamba familia imemlazimisha, kwamba shangazi ndiye amemfungia. Uongo mtupu. Alikaa dukani kwa baba yake akitenganisha vifungo kwa rangi, hasemi, hali vizuri, hataki mtu amsogelee. Siku moja, mteja akiwa amesimama mikono juu anapimwa kiuno, binti akainua kichwa akasema, "Naacha." Mteja akasema, "Unaacha nini?" Kaka yangu akaendelea kupima, machozi yanamtiririka, na nadhani ile suruali ilitoka kubwa sana. Aliamua mwenyewe, akiwa kijana, akiwa bingwa, akiwa na akili zake timamu. Kuacha kitu usichokiweza ni rahisi. Nani kati yetu amewahi kuacha kitu anachokiweza kuliko watu wote?

Na tangu aseme, hajapumzika. Kila anayekutana naye ana neno lile lile: "Moja tu, Mkasi. Mbio moja tu ya kuaga." Kinyozi anamwambia moja tu. Jirani moja tu. Waliokuwa wanamzomea wakati ule wa bahati, nao leo wanataka moja tu. Mnasema kwa mapenzi, najua. Lakini kichwa hakijui kwamba hii ni ya kuaga. Lami nayo haijui.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, uniwie radhi, lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu anaona kilichofichwa chini ya dawati hata kama hajainama. Kuna kitu kule nyuma karibu na mlango, kimefunikwa turubai jipya la bluu. Wageni wamedhani ni spika. Spika gani ina magurudumu? Na kwenye ratiba, baada ya jina langu, pameandikwa "Tangazo Maalumu la Mdhamini." Nimekula chumvi nyingi, Mkurugenzi. Najua turubai litavutwa, pikipiki mpya itang'aa, muziki utapigwa, na wewe kwa ukarimu wako utamwomba, mbele ya ukumbi mzima uliosimama unapiga makofi, apande mara moja tu ya mwisho. Sisemi umekusudia ubaya. Nasema ulikuwa hujui, na sasa unajua.

Jana alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kiti kile kile. Akaniambia, "Shangazi, wakiniomba mmoja mmoja nitawakatalia. Wakiniomba wote kwa pamoja, wakiimba, nitakubali. Najijua. Nikisikia lile jina mwili unanyanyuka wenyewe." Nikamwambia, niruhusu niwaeleze ukweli wote. Akasema, "Waeleze wewe. Mimi nikisimama nitalia, na nikilia watanibembeleza, na wakinibembeleza nitapanda." Kwa hiyo nimekuja hapa kuwaeleza, na nimekuja kuwaambia kwa heshima, lakini bila kupepesa macho: hapandi. Atakayevuta lile turubai leo, anipite mimi kwanza, na mimi ni mnene.

Mkurugenzi anatikisa kichwa. Anakubali? Inua mkono nikuone, kule nyuma hawakuoni. Ahsante. Ahsante sana, na Mungu akuzidishie. Basi ile pikipiki tafadhali iende kwenye mafunzo ya waendeshaji wachanga, maana wanajifunzia chuma ambacho hata Fundi Spana anakionea aibu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nawe usinywee kwenye kiti, zamu yako imefika. Naomba, na ninapoomba huwa sichoki, kwamba kuanzia msimu ujao mwendeshaji yeyote aliyegonga kichwa asiwashe injini mpaka asimamishwe kwenye ile njia iliyonyooka, apitishwe polepole, kisha kwa kasi, na asome ubao kwa sauti mbele ya Daktari. Asiinue kidole. Asome. Na asome kilichoandikwa hapo, siyo anachodhani kimeandikwa. Ninyi waendeshaji mnaoguna hapo, nawajua, na nawaambia mtanichukia msimu mzima, kisha mtazeeka mkinisimulia.

Na wa kuushika huo ubao? Mimi magoti yamegoma. Nimemwambia binti wa kaka yangu kwamba swali lake la kwenye ndoo sasa nina jibu lake, angalau nusu. Aliuliza, nikiacha, mimi ni nani? Mwanangu, wewe ndiye mtu pekee katika ukumbi huu anayejua yule aliye juu ya pikipiki anahitaji kuambiwa nini. Njoo ukutani. Hati yako si nzuri kama yangu, lakini ni afadhali kuliko ya Fundi.

Nimekaribia mwisho. Namshukuru Mwenyekiti na chama kwa karamu hii. Namshukuru Mkurugenzi kwa miaka yote ya oili na kwa mkono aliouinua sasa hivi. Daktari kwa kusema kweli. Fundi kwa kuuona moshi. Kaka yangu kwa kunisogeza ukutani nilipodhani kazi yangu na chaki imekwisha. Nawashukuru na ninyi nyote mlionitegea masikio.

Ila msipige makofi bado. Limebaki jambo moja.

Mmejiuliza kwa nini bingwa wenu hakuketi meza kuu, amekaa kule nyuma kabisa, karibu na mlango, jirani na turubai. Mimi ndiye niliyemweka pale. Kutoka pale mpaka hapa ni kama kutoka katikati ya njia mpaka ukutani. Na hiki nilichokiegemeza kwenye meza, kilichofunikwa shuka, ndicho chenyewe. Nimeandika nyumbani. Hajui nimeandika nini. Amekuwa akipumzika miezi hii yote, na Daktari anasema macho yanarudi, lakini mimi sijawahi kuamini mpaka nione mwenyewe. Tulieni. Wewe wa kamera, ondoka katikati, mpishe aone.

Haya. Nainua.

Ngoja... subirini, msimgeukie wote, mnamtia aibu. Anakodoa. Anasoma.

Mmeona? Mmekiona kidole? Safari hii ubao umetangulia, kidole kimefuata!

Anasimama. Mpisheni njia hapo, sogezeni viti. Amelipita turubai, hakuligusa. Njoo, mwanangu. Njoo polepole, hakuna anayekufukuza. Kama una lalamiko, utalalamikia humu ndani.

Haya, ndugu zangu, sasa pigeni makofi. Ameingia.